Kabla ya Rangi: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi Kuhusu Plastiki za Ndani ya Gari

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi mliokuja kuwashuhudia watoto wenu, na ninyi vijana mnaohitimu mafunzo ya upakaji rangi wa magari: itifaki imezingatiwa. Nilipoalikwa niliuliza nizungumze nini, nikaambiwa nichague jambo moja la kazi ambalo darasani hupitiwa upesi. Nimechagua plastiki za ndani ya gari, yaani paneli za milango, fremu ya redio, kava la gia, vishikio na mapambo ya dashibodi. Jinsi ya kuzitoa zikiwa zimechakaa, kuzipaka upya na kuzirudisha mahali pake. Najua mioyo ya wengi wenu iko kwenye boneti na bampa, kwa sababu hizo ndizo zinazoonekana barabarani na ndizo zinazolipa vizuri. Lakini mwenye gari hakai juu ya boneti. Anakaa ndani, mkono wake uko juu ya plastiki uliyoipaka wewe, na kila akikwama kwenye foleni anapata nafasi ya kuikagua kazi yako kwa ukucha.

Hapa mezani nimeweka vipande viwili vya plastiki vilivyotoka kwenye mlango mmoja wa gari dogo la Kijapani lililochinjwa kwa ajili ya vipuri. Nimevipaka siku moja, kwa kopo moja la rangi, kimoja baada ya kingine. Kutoka hapo mlipoketi hamuwezi kuona tofauti yoyote kati yavyo. Nitavirudia mwishoni, kwa sasa naomba mvikumbuke tu.

Kazi hii ina soko kwetu kwa sababu inayoeleweka. Magari mengi madogo tunayoyahudumia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa yalitumika kwanza Japani, nchi ambayo usukani uko kulia kama kwetu, na yaliposhuka bandarini yalikuwa tayari na umri. Hata Kenya, ambako sheria inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, gari hilo litaendelea kutembea miaka mingine kumi au kumi na mitano baada ya kutua. Injini itavumilia, viti vitashonewa makava mapya, na mwili utapakwa rangi pale utakapogongwa. Kinachotangulia kuutoa umri wa gari hadharani ni plastiki ya ndani, kwa kuwa inashikwa kila siku na inachomwa kila siku. Gari likiegeshwa juani vioo vikiwa vimefungwa, uso wa dashibodi hufika nyuzi joto 70 za Selsiasi na kupita, na sisi watu wa pwani juu ya joto hilo tunaongeza unyevu.

Mtu anayefungua mlango wa gari kuukuu na kusema kwamba plastiki zimechoka bado hajasema kitu, kwa sababu uchakavu una sura nyingi na kila sura ina tiba yake. Chukueni paneli ya swichi za vioo kwenye mlango wa dereva. Kiwandani ilipakwa rangi ya fedha juu ya plastiki nyeusi, na baada ya miaka rangi hiyo imelika mahali pawili: ukingoni mwa swichi, ambako ukucha wa kidole cha shahada hupita kila kioo kinaposhushwa, na kwenye pembe ya mbele, ambako kiganja hujiegemeza mlango unapovutwa. Sasa hamieni kwenye kava la gia. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, gia hushikwa kwa mkono wa kushoto, na kwa wengi wanaovaa pete ya ndoa mkono wa kushoto ndio wenye pete. Nimefungua magari ambayo kava la gia lina mikwaruzo mifupi iliyolala upande mmoja, yote ya kimo kimoja, nikajua kabla ya kuonana na mwenye gari kwamba ni mtu wa ndoa. Uchakavu wa aina hii ndio mwepesi kuliko wote, maana kilichoondoka ni rangi, na plastiki yenyewe ni nzima.

Mgumu ni ule wa plastiki inayonata. Bila shaka mmeshakutana nao: unashika kitasa cha ndani au kitufe cha redio, na vidole vinarudi na weusi kama masizi yaliyokorogwa kwenye asali. Magari ya Ulaya ya miaka ya 1990 na ya 2000 yanajulikana sana kwa ugonjwa huu, ingawa si peke yake. Kiwandani sehemu hizo zilifunikwa kwa rangi laini ya poliyurethani ili mkono uhisi kama unagusa mpira au ngozi. Mvuke wa maji ulio hewani, ukisaidiwa na joto, hukata minyororo ya poliyurethani hiyo kidogo kidogo, mpaka utando uliokuwa mkavu na wenye nguvu unarudi kuwa uji. Mnaona basi kwa nini pwani ya Afrika Mashariki ni mahali pabaya pa kuzeekea kwa gari la namna hiyo. Mwenye gari atakuwa ameshasugua kwa sabuni, ameshapaka poda ya mtoto, na atafika kwako akiomba upulizie tu rangi juu yake yaishe. Mkatalie. Rangi itakauka juu, chini patabaki uji, na mwezi haujaisha utaona imepasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Utando huo lazima uondolewe wote mpaka kwenye plastiki tupu, kwa spiriti ya isopropili na kitambaa cha pamba ambacho utakibadilisha mara nyingi kuliko unavyotarajia, kwa sababu kitambaa kilichojaa uji kinauhamisha tu kutoka hapa kwenda pale. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinaweza kula dakika arobaini. Naomba hapa mnisikilize vizuri: mara nyingi ukishamaliza kuondoa utando, unakuta plastiki ya chini ni nyeusi, safi, na ina mikunyanzi yake ya kiwandani kama ya ngozi. Haihitaji rangi kabisa. Ninawajua mafundi ambao wangeipaka hata hivyo, kwa hoja kwamba mteja alikuja kwa ajili ya rangi na bila rangi hatakubali kulipa. Mimi huita mteja, humpa kipande akishike, kisha humtoza saa zangu za kusugua, na sijawahi kugombana na mtu kwa hilo.

Viko na vitu vingine ambavyo hupaswi kuvipulizia. Vitufe vyenye alama zinazowaka usiku vina rangi iliyochongwa kwa leza ili mwanga upite. Ukivipaka, alama zimekwenda na hazirudi. Huyo mteja mwelekeze akatafute kitufe kingine kwenye magari yaliyochinjwa, iwe ni Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala. Uso wa juu wa dashibodi nao usiupake rangi inayong'aa, hata mteja akuonyeshe picha kwenye simu na kukuahidi nyongeza, kwa sababu mng'ao huo hujitokeza kwenye kioo cha mbele, na dereva anayelielekea jua la saa kumi na moja jioni anaona dashibodi yake mahali ambapo angemwona mtoto anayevuka. Na pale ambapo mikunyanzi ya plastiki imesuguliwa ikawa laini, rangi haitaifufua. Mwambie mwenye gari kabla hujapokea fedha yake.

Sasa mmekubaliana kwamba kipande kitapakwa. Kigeuzeni nyuma. Mtaona maandishi madogo yaliyofinyangwa pamoja na plastiki, yakiwa katikati ya alama mbili kama vichwa vya mshale: PP, au ABS, au PC+ABS. Yaliwekwa hapo ili wanaorejeleza taka waitambue plastiki, lakini kwa fundi rangi hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha kipande. ABS ni rafiki yetu. Ukiisafisha na kuikwaruza vizuri, rangi inaishika. PP ni polipropilini, plastiki ambayo utafiti wa Mwitaliano Giulio Natta wa mwaka 1954 uliifungulia njia ya kuingia kila nyumba duniani, na kwa kazi ya jamii hiyo ya kemia yeye na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Ni nyepesi, ni rahisi, haili kutu, na haipendi kushikwa na kitu chochote, iwe gundi, wino au rangi. Mwagieni tone la maji juu yake, mtaliona linajikunja kama ushanga badala ya kutandaa. Rangi yenu nayo ni kimiminika, nayo inataka kufanya hivyo hivyo.

Kuna wanaofundisha kwamba ukikosa maandishi, ukate kipande kidogo ukitupie kwenye maji: kikielea ni polipropilini, kikizama ni kitu kingine. Mtihani huo una ukweli nusu. Polipropilini tupu huelea, lakini ya ndani ya magari mara nyingi imechanganywa na unga wa talki ili iwe ngumu, na nyuma yake mtakuta imeandikwa PP-T20, maana yake talki ni asilimia 20. Hiyo inazama kama nyingine. Mimi hutumia asetoni, ile ile ya kuondolea rangi za kucha, tone moja kwenye kona ya nyuma isiyoonekana: ABS hulainika na kunata ukiigusa, polipropilini haishtuki. Lakini asetoni hiyo ibaki kwenye kona ya mtihani. Anayesafishia ABS au polikabonati kwa asetoni au thina kali anaweza kuiona ikipasuka nyufa nyembamba kama nywele, na nyufa hizo hazizibiki.

Kabla bisibisi haijagusa gari, kuna suala la mifuko ya hewa ya usalama, ambayo gereji zote zinaiita eabegi. Zimeni gari, toeni ufunguo, fungueni waya hasi wa betri, kisha msubiri, kwa sababu mfumo huo huhifadhi umeme kidogo wa kufyatulia hata betri ikiwa imetengwa. Maelekezo ya Toyota yanataka kusubiri si chini ya sekunde 90. Mimi huagiza chai, na chai ikiisha ndipo naanza. Plagi za nyaya za eabegi huwa za manjano, kwa hiyo mkiona manjano ndani ya nguzo ya kioo cha mbele au chini ya usukani, msizipime kwa taa ya majaribio wala kwa kifaa kingine chochote. Kifuniko cha eabegi, cha katikati ya usukani na cha mbele ya abiria, hakipakwi rangi wala hakizibwi kwa puti, ule unga mzito wa kujazia mashimo. Kimetengenezwa kikiwa na mstari dhaifu unaopaswa kupasuka kwa namna moja tu na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tabaka za puti na rangi hubadilisha mpasuko huo na kugeuka vipande vinavyoruka usoni mwa mtu. Na kwa kuwa tunazungumza na vijana watakaofungua magari ya zamani kutoka Japani, jueni pia kwamba kampuni ya Takata ilifilisika mwaka 2017 baada ya vifyatulio vya eabegi zake kuthibitika kuharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa yarudishwe ili vibadilishwe. Joto na unyevu wa miaka mingi, ndugu zangu, ndiyo hali ya hewa ya mji huu.

Kuhusu kutoa plastiki, nina maneno mengi, kwa sababu nimevunja nyingi. Paneli ya mlango inashikwa na skrubu mbili tatu zilizofichwa na klipu nyingi zilizojipanga ukingoni. Skrubu ya kwanza iko nyuma ya kitasa cha ndani, chini ya kifuniko kidogo cha ukubwa wa kucha ambacho anayeharakisha hakioni. Nyingine iko ndani ya mfuko wa kushikia mlango. Fundi asiyezitafuta huanza kuvuta, klipu zinaachia, skrubu haziachii, na paneli inachanika pale pale kwenye kitasa. Skrubu zikishatoka, anzeni chini, kwenye kona, na msitumie bisibisi bapa wala kisu, maana chuma huacha meno kwenye plastiki laini na meno hayo yataonekana hata baada ya rangi. Vipo vibanuzi vya nailoni vinavyouzwa kwa seti. Nilipokuwa sina fedha ya seti nilisaga mpini wa mswaki mgumu kwenye jiwe mpaka ukawa bapa, na mpini huo ninao hadi leo, kwa sababu unaingia mahali ambapo vya dukani haviingii.

Klipu ya kwanza ikiachia mtasikia mlio mkavu, tak, na moyo wa mwanafunzi husimama. Ni mlio wa kawaida. Mlio wa kuogopa ni ule mzito na mfupi usiorudi, wa plastiki iliyokatika. Plastiki ya zamani ikiwa baridi ni kama biskuti. Ikipata joto inajikunja na kusamehe. Hapa pwani dawa ni kuliacha gari juani nusu saa kabla ya kuanza. Mtakaopata kazi Nairobi, mwezi wa Julai mtahitaji draya ya saluni. Paneli ikishaachia pande zote, msiikurupue: iinueni juu ili ivuke ukingo wa kioo, kisha ishikeni karibu na mlango, kwa kuwa nyuma yake kuna plagi ya swichi za vioo na mara nyingi waya wa chuma unaofungua komeo. Pigeni picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Skrubu mzipange kwenye trei la mayai, kila sehemu na tundu lake; njia hii alinionyesha fundi aliyenifunza kazi, na sijaona kifaa cha bei kubwa kinachoishinda.

Klipu zitavunjika. Hata mwenye mkono mwepesi atavunja moja au mbili, kwa hiyo nunueni za akiba kabla ya kuanza. Wakati mmoja nilivunja klipu ya nguzo ya kioo, nikaona aibu kumwambia mteja, nikaweka gundi. Gari liliondoka kimya, likarudi baada ya siku nne likilia kama lina panya ndani ya nguzo, na kuiondoa ile gundi kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya rangi. Nguzo hiyo, nikumbushe, kwenye magari mengi ndimo inamopita eabegi ya pazia, ile inayofunika vioo vya pembeni. Gundi haina biashara pale.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi hii, nalo ni usafi wa aina ambayo macho hayawezi kuupima. Nendeni kwenye sehemu yoyote ya kuoshea magari hapa mjini. Kijana akishamaliza kufuta vumbi, anachukua chupa ya polishi ya dashibodi, ananyunyiza kila mahali, anafuta kwa sponji ile ile tangu asubuhi, na gari linang'aa na kunukia. Polishi nyingi za aina hiyo zina mafuta ya silikoni. Silikoni huingia kwenye kila mkunyanzi wa plastiki, haikauki, haiondoki kwa maji, na rangi ikitua juu yake inakimbia na kuacha vijishimo vya duara kama macho ya samaki. Gari lililooshwa kila Jumamosi kwa miaka sita lina tabaka za silikoni zinazopita mia tatu. Mmiliki atajisifu kwamba gari lake limetunzwa. Kwetu sisi ndilo gumu kuliko lile la mkulima lililojaa vumbi.

Mwaka wangu wa pili wa kujitegemea nilipaka paneli nne za milango za gari la mzee mmoja mstaarabu sana. Nilizipangusa kwa kitambaa chenye petroli, nikazipiga msasa kidogo, nikapuliza. Zilitoka nzuri, hata majirani wa gereji walikuja kuzitazama. Baada ya wiki tatu mzee alirudi, hakusema neno, akafungua mlango, akashika ukingo wa rangi kwa ukucha na kuivuta. Ilitoka yote kwa pamoja, nzima, kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka, na kwenye kiganja chake ungeweza kuona mikunyanzi ya plastiki imechapwa upande wa ndani wa rangi. Rangi ilikuwa salama kabisa. Ilikuwa haijashika kitu. Nilizirudia paneli zote nne bila malipo, na ndipo nikaanza kujifunza kuosha.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini ukifuata mikunyanzi, kisha suuza mpaka maji yateleze bila povu. Acheni kipande kikauke. Halafu tumieni kisafishio cha kuondolea mafuta na silikoni kinachouzwa maduka ya rangi za magari, kwa vitambaa viwili: kimoja kilicholowa cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla hakijakauka chenyewe. Hapa wengi ndipo wanapokosea. Wakiacha kisafishio kikauke, silikoni iliyoyeyuka inarudi kukaa pale pale. Rudieni mara mbili, baada ya hapo msikiguse tena kwa mkono mtupu. Msasa unakuja baada ya usafi na kamwe si kabla, kwa sababu msasa unaopita juu ya silikoni unaisukuma iingie kwenye mikwaruzo. Sehemu laini zinatosha kwa msasa wa maji namba 400 na kumalizia kwa 600. Sehemu yenye mikunyanzi msiipitishie karatasi, mtaikata vichwa. Tumieni ile sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo, mkizungusha polepole mpaka mng'ao ufe, kisha msafishe tena kwa kisafishio kile kile. Nasema mara ya tatu kwa sababu kuna mtu humu ndani ambaye atairuka hatua hiyo.

Praima, yaani rangi ya msingi, na rangi yenyewe nitavieleza kwa ufupi, maana hayo mmefundishwa na mikono yenu inayajua. Kwenye polipropilini lazima itangulie praima ya plastiki, ile ya majimaji isiyo na rangi, pazia moja au mawili membamba, yaani tabaka za kupuliziwa. Kazi yake ni kushika pale ambapo praima ya kawaida hushindwa, na maelekezo yake huandika muda ambao rangi lazima iifuate, kwa hiyo yasomeni. Rangi ni pazia tatu nyembamba kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, dakika kumi kati ya pazia na pazia, na la kwanza lionekane kama ukungu tu. Anayetaka kufunika kila kitu kwa mkupuo mmoja ataziba mikunyanzi na kupata uso kama ganda la chungwa. Juu yake klia isiyong'aa, yaani tabaka la mwisho lisilo na rangi. Saa za kupulizia zina maana kubwa pwani. Alfajiri hewa imejaa unyevu, na thina inapoyeyuka hupoza uso wa kipande kiasi kwamba umande mdogo hutua juu ya rangi mbichi na kuiacha na weupe kama wa pumzi kwenye kioo. Alasiri upepo wa bahari huleta vumbi. Mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na wakati wa masika kuna siku ninazofunga kopo na kufanya kazi nyingine. Kama mtatumia klia yenye hadena, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, jueni kwamba hadena hizo zina isosayaneti, sumu inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu, na hata barakoa ya vichujio vya mkaa haitoshi kwenye chumba kilichofungwa. Kwa vipande vidogo vya ndani ya gari, klia ya kopo isiyo na hadena inatosha.

Kipande kitakauka kuguswa ndani ya saa moja, lakini kisirudishwe garini kabla ya kesho yake, na mwambieni mwenye gari asikifute kwa dawa yoyote kwa wiki nzima. Wakati wa kurudisha, klipu zote zikae kwanza kwenye paneli, kisha paneli ining'inizwe kwenye ukingo wa kioo, plagi ziunganishwe, waya wa komeo ujaribiwe mlango ukiwa wazi, na ndipo mpige kwa kiganja klipu moja baada ya nyingine. Jaribuni komeo mlango ukiwa wazi, nasisitiza. Nimemwona kijana aliyefunga mlango kwanza na kujaribu baadaye, na ulifunguka kesho yake. Betri ikiunganishwa, washeni swichi bila kuwasha injini na muitazame taa ya eabegi: iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipozima, kuna plagi ya manjano mliyoisahau, na gari haliondoki gereji.

Sasa nirudi mezani. Vipande hivi viwili vyote ni polipropilini yenye talki, na vyote vimepata praima ya plastiki na rangi ile ile. Kimoja nilikiosha kama nilivyoeleza. Cha pili nilikiosha vile vile, kisha dakika tano kabla ya kupuliza nikakipitishia kitambaa chenye tone moja la polishi ya dashibodi, nikakifuta mpaka kikaonekana kikavu. Nyuma ya kila kimoja nimeandika kwa kalamu kipi ni kipi, lakini msivigeuze. Hapa kuna wembe na tepu ya karatasi. Kateni mistari sita kwenda na sita kukatisha, mpaka kwenye plastiki, bandikeni tepu, ikandamizeni kwa ukucha, kisha mwivute kwa mkupuo mmoja. Mhitimu wa kwanza na aje mbele.